Kutoka Mposho hadi Malewa: Chakula na Kazi mjini Lubumbashi

Anayetaka kujua ni nani aliyelisha mji wa Lubumbashi hana budi kuanza na neno *mposho*. Katika kambi za Union Minière neno hilo lilitaja chakula ambacho kampuni ilimpa mfanyakazi pamoja na mshahara: kwanza unga wa mahindi, ambao kwa miaka mingi uliagizwa kutoka Rodesia, kisha vitoweo na chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwakalisha wafanyakazi kwa muda mrefu pamoja na familia zao, na hivyo mke na watoto wakahesabiwa pia katika mposho. Haukuwa ukarimu, aliyeshiba alichimba zaidi. Wanawake walilima na kutengeneza pombe pembeni, lakini chakula cha nyumba kilipitia jina la baba, na *kazi* maana yake ilikuwa ajira ya mshahara.

Gécamines ilirithi utaratibu huo baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967. Ulivunjika upesi. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Uporaji ukafuata mwaka 1991. Na uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukawa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ilichelewa miezi mingi, na mposho ukakatika.

Hapo ndipo sufuria ilipotoka nyumbani kwenda barabarani. Katika soko la Kenya (tarafa ya mji, si nchi jirani), kwenye vituo vya magari na karibu na ofisi, akina mama walitandika mabenchi chini ya turubai, wakauza bukari na sombe, au bukari na *thomson*, yule samaki wa barafu anayejulikana na kila mwanafunzi. Mikahawa hiyo huitwa *malewa*, neno lililozoeleka Kinshasa. Mtaji wake ni mdogo: mbabula, sufuria mbili, sahani, maji. Ila nyuma ya mbabula moja wapo watu wengi: mchoma makala wa msituni na mwenye baiskeli anayeyaleta mjini, wapitisha unga wa Kasumbalesa, mchota maji, msagaji, msichana anayeosha vyombo. Hakuna hata mmoja kati yao aliye na hati ya ajira.

Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alieleza jinsi familia za wafanyakazi zilivyojiona kama watoto walioachwa na baba yao, yaani kampuni. Baba wa nyumbani naye alipungukiwa na mamlaka, kwa kuwa karo na dawa zilitoka sasa katika faida ya mama. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoanza kuondoka Gécamines kwa malipo ya mkupuo, nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuzoea hali hiyo.

Lugha ndiyo iliyochelewa. Mama aliyewalisha watoto sita kwa malewa miaka ishirini bado husemwa kwamba hana kazi, anauza tu; na mumewe aliyekaa miaka hiyo yote bila mshahara huitwa mfanyakazi wa Gécamines.