Kumbukumbu ya uzeeni hulindwa mapema: hadithi ya akina mama wa Karelia Kaskazini

SEHEMU YA 1: Kwa nini naandika

 

Dada mmoja aliniandikia pembeni wiki hii: "Sista, mama mkwe wangu anauliza kitu kimoja mara tano kwa saa moja. Ni uzee tu au ni ugonjwa? Na mimi nifanye nini nisije nikafika huko?"

Swali zuri sana, na jibu lake lina historia. Nimeona kliniki kwamba mtu ukimwambia "punguza chumvi" anatikisa kichwa tu, anakwenda nyumbani anaendelea. Ukimweleza ushauri huo ulitoka wapi, anafikiria. Kwa hiyo leo nakupa hadithi nzima. Chukua chai yako, kaa.

Kwanza niseme la kwangu. Mwaka 2001 mama yangu alipimwa presha akiwa na miaka 46, ikakutwa juu. Akapewa dawa. Akameza mwezi mmoja, kichwa kikaacha kuuma, akaona amepona, akaacha. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Nilijua presha inaleta kiharusi, sikujua kwamba inaweza kugusa na kumbukumbu. Nikanyamaza, kwa sababu mtoto hamfundishi mama. Leo mama ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Siwezi kusema presha ndiyo iliyomfikisha hapo. Kwa mtu mmoja hakuna daktari anayeweza kuthibitisha hivyo. Lakini ningejua ninayoyajua leo, nisingenyamaza. Shika huo mwaka 2001, tutaurudia.

SEHEMU YA 2: Mkoa wa wajane

Twende Ufini, nchi ya baridi kaskazini mwa Ulaya. Upande wake wa mashariki, mpakani na Urusi, kuna mkoa unaitwa Karelia Kaskazini. Miaka ya 1960 watu wake wengi walikuwa wakulima wadogo, wafugaji na wakata magogo. Wanaume wa kazi ngumu, wenye misuli. Ukiwatazama usingesema hao ni wagonjwa.

Lakini vifo vya wanaume kwa ugonjwa wa moyo vilikuwa miongoni mwa vingi kabisa duniani. Mtu ana miaka 45 au 50, ameamka mzima, mchana analetwa amebebwa. Anabaki mama na watoto na ng'ombe wa kukamua.

Januari 1971 viongozi wa mkoa walipeleka ombi serikalini wasaidiwe. Mwaka 1972 mradi ukaanza. Aliyeuongoza ni daktari kijana, Pekka Puska, hajafikisha hata miaka 30. Hatua ya kwanza ilikuwa kupima watu: presha, lehemu (yale mafuta ya kwenye damu), sigara, na chakula.

Wakakuta nini? Siagi kwenye mkate, siagi kwenye kupikia, maziwa yenye mafuta yote, nyama ya mafuta, chumvi nyingi, mboga kidogo sana. Na zaidi ya nusu ya wanaume walivuta sigara.

SEHEMU YA 3: Mambo yalibadilika jikoni

Hapa ndipo hadithi inapoingia kwetu sisi. Walitoa maelezo, wakagawa vipeperushi, lakini mhadhara haupiki chakula. Anayepika ni mama. Basi wakaenda kwa akina mama.

Ufini kuna chama cha wanawake kilichoanza mwaka 1899, kinaitwa Martha, kwa jina la yule Martha wa kwenye Biblia aliyehangaika na kazi za nyumbani wakati mgeni amekuja. Kina matawi hadi vijijini. Wale akina mama wakaandaa mikutano ya kijiji: maelezo mafupi ya afya, halafu chakula kinapikwa na kuliwa palepale. Mchuzi wao wa asili wa nyama walipunguza nyama ya mafuta na chumvi, wakaongeza karoti, viazi na mboga nyingine za mizizi. Hawakuwaambia watu waache chakula cha bibi zao. Walikirekebisha kile kile.

Na wauguzi wa vituo vya afya wakapewa kazi ya kupima presha za watu na kufuatilia wanaotumia dawa. Hapo moyo wangu wa kinesi unacheka. Vijiji vikashindanishwa kushusha lehemu. Baadhi ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakasaidiwa kuanza kulima matunda madogo ya kule kwao.

Haikuwa mwezi mmoja wala mwaka mmoja. Lakini baada ya miaka 40 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi katika mkoa ule vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya 80%.

"Sasa sista, mbona unatuambia habari za moyo na tulikuuliza kumbukumbu?" Subiri.

SEHEMU YA 4: Madaftari ya zamani yafunguliwa

Ule upimaji haukuishia mwaka 1972. Ulirudiwa 1977, 1982 na 1987, katika Karelia Kaskazini na mkoa jirani wa Kuopio. Kumbukumbu zote zikatunzwa.

Mwaka 1998 watafiti wakawatafuta baadhi ya watu walewale. Wakawapata 1,449, sasa ni wazee wa miaka 65 hadi 79. Safari hii wakawapima kumbukumbu na akili, wakalinganisha na madaftari ya wakati wako katikati ya maisha, miaka 21 nyuma kwa wastani.

Matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Ndiyo, mwaka ule ule mama yangu alipoacha dawa. Daktari Miia Kivipelto na wenzake walikuta kwamba waliokuwa na presha ya juu (ile namba ya kwanza kufika 160 au zaidi) au lehemu nyingi katika umri wa kati, hatari yao ya kupata ugonjwa wa Alzheimer uzeeni ilikuwa kama mara mbili ya wenzao. Mwaka 2005 wakaongeza jingine: waliokuwa wanafanya mazoezi angalau mara mbili kwa wiki katika umri huo, hadi kuhema na kutoka jasho, walipata ugonjwa huo kwa uchache zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Ubongo ni kama 2% tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu 20% ya oksijeni yote. Oksijeni hiyo inaletwa na damu, na damu inapita kwenye mishipa, mingine myembamba kuliko unywele. Presha ikipiga mishipa hiyo kila siku kwa miaka 20, inakakamaa na kuziba kidogo kidogo. Hausikii maumivu yoyote. Ndiyo maana "kichwa hakiumi" si kipimo cha presha.

SEHEMU YA 5: Je, ukishazeeka umechelewa?

Hapana. Ufini waliuliza swali hilo pia. Walichukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa kwenye hatari ya kupoteza kumbukumbu. Nusu walipewa ushauri wa kawaida wa afya. Nusu nyingine walifanyiwa mambo manne kwa pamoja kwa miaka miwili: chakula chenye mboga, matunda, samaki na nafaka isiyokobolewa, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na kufuatiliwa kwa ukaribu presha, sukari na uzito. Na walikutana kwa vikundi, hawakuachwa kila mtu peke yake.

Matokeo yalitoka mwaka 2015. Makundi yote mawili yaliongeza alama kwenye vipimo vya akili, lakini lile la mambo manne liliongeza kwa 25% zaidi. Si dawa ya kuponya, tusidanganyane. Wapo walioishi vizuri kabisa na bado ugonjwa ukawapata, kwa hiyo usimlaumu mgonjwa wako. Lakini mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari, likasema yote yakishughulikiwa maishani, karibu 45% ya ugonjwa huu duniani ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Humo mna presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutosikia vizuri, upweke, na kukosa shule utotoni.

SEHEMU YA 6: Nyumbani kwetu

Usiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walichunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kwa kila wazee 100, kama 6 hivi walikuwa na ugonjwa huu. Wapo vijijini kwetu, ila tunasema "ni uzee", au vibaya zaidi, "amerogwa", au "ni mchawi huyo, anatangatanga usiku". Bibi aliyepotea njia ya nyumbani kwake anahitaji kushikwa mkono na kupelekwa hospitali.

Kwa hiyo dada yangu uliyeniuliza, mpeleke mama mkwe akapimwe. Kuuliza jambo lile lile mara tano kwa saa si uzee wa kawaida, na wakati mwingine chanzo ni kitu kinachotibika.

Na wewe mwenyewe? Ukiwa na miaka 30 au 40, uko kwenye umri wa yale madaftari ya mwanzo. Yanayoandikwa sasa ndiyo yatakayosomwa uzeeni.

Kuna jambo naliona kliniki ya mama na mtoto na linaniuma. Mama akiwa mjamzito anapimwa presha kila hudhurio. Akishajifungua, kadi inakuwa ya mtoto. Mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, mama amekaa palepale kwenye benchi na hakuna anayempima, wala yeye haombi. Anaweza kukaa miaka 10 hivyo. Na kama presha ilikupanda ukiwa na mimba, wewe ndiye hasa unayepaswa kufuatiliwa maisha yako yote.

Kazi yetu wiki hii:

1. Ukimpeleka mtoto kliniki, sema: "Sista, naomba na mimi unipime presha." Andika namba nyuma ya daftari lako.

2. Toa kichupa cha chumvi mezani, na angalia vile viungo vya pakiti, vingi vina chumvi tele. Chakula ni kile kile cha kwetu: dona, maharage, mchicha, matembele, dagaa. Kinachopungua ni mafuta na chumvi.

3. Tembea haraka hadi utoke jasho. Kumfuata mtoto shule kwa miguu kunahesabika.

4. Mzee asiyesikia vizuri usimwache kwenye kona. Akapimwe masikio, na watoto wakae naye, wamuulize habari za zamani.

5. Msichana wako asome. Shule ya leo ni ulinzi wa ubongo wake akiwa bibi.

6. Mwenye dawa za presha asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anameza.

Na hili la mwisho ni langu mimi kwako. Kama mama yako ana miaka 40 au 50 na ameacha dawa, mpigie simu leo. Usinyamaze kwa sababu yeye ni mama. Mwambie kwa heshima, mwambie tena kesho, mtumie na nauli ya kwenda kupima.

Akina mama wa Karelia walianza na sufuria ya mchuzi. Sisi tuanze na mkanda wa presha. Ukipima, rudi uniandikie.

Nesi wenu.