Nguruwe, mbatata na siasa za sufuria ya Wachina

Leo tuingie jikoni. Najua wengi wenu mnapita hapa kutafuta siasa, na wala sijahama mada. Kuna chakula kimoja cha Kichina ambacho ukifunua sufuria yake unamkuta humo mshairi aliyefukuzwa mjini, wakulima waliokufa njaa, ugomvi wa Mao na Khrushchev, na hata ngiri wa Kenya. Chakula chenyewe ni nyama ya nguruwe (haya, kitimoto kwa watu wa Dar) iliyotokoswa polepole pamoja na mbatata mpaka mchuzi unakuwa mzito, mwekundu wa kukolea. Wachina wanakiita tudou shao rou. Ndugu zangu mnaokula halali vumilieni kidogo, sehemu yenu ipo mbele.

Kwanza jinsi kinavyopikwa, maana bila hilo historia yake haieleweki. Unachukua nyama ya tumbo, ile yenye ngozi juu na tabaka za mafuta na mnofu zinazopishana. Unaikata vipande vya mraba, unaichemsha dakika chache, kisha maji yale na povu lake unayamwaga. Unayeyusha sukari katika mafuta kidogo hadi igeuke kahawia, unatia nyama na kuigeuzageuza mpaka kila kipande kishike rangi. Ndipo tangawizi, majani ya vitunguu, mdalasini, kile kiungo kikavu chenye umbo la nyota, divai ya mchele na soya sosi vinapofuata. Maji ya moto yafunike nyama, moto upunguzwe, uiache saa nzima. Mbatata huingia mwishoni, kama dakika ishirini kabla ya kuepua, zikitangulia zitavurugika. Wachina wanauita upishi huu hong shao. Hong ni nyekundu, na wekundu huo unatokana na sukari iliyoungua kidogo pamoja na soya.

Sasa turudi nyuma miaka zaidi ya 900. Mwaka 1079 ofisa na mshairi maarufu Su Shi alikamatwa kwa madai kwamba mashairi yake yanaikejeli serikali. Aliponea chupuchupu kuuawa, na mwaka uliofuata akapelekwa uhamishoni Huangzhou, mji mdogo katika jimbo la leo la Hubei. Mshahara ulikatika, akalima kijishamba upande wa mashariki wa mji, na kutokana na mteremko wa shamba hilo akajiita Dongpo, jina ambalo Wachina wanamkumbuka nalo hadi leo. Huko aligundua kwamba nyama ya nguruwe ilikuwa bei ya kutupa. Matajiri waliidharau na maskini hawakujua kuitengeneza. Yeye akaandika ubeti wa kuisifu, na siri aliyoitoa ni ileile ya leo: maji kidogo, moto mdogo, usiiharakishe. Nyama ya Dongpo inauzwa mpaka leo katika mahoteli ya Hangzhou, mji ambao baadaye aliuongoza kama gavana.

Nataka mlishike hilo. Asili ya chakula hiki si meza ya mfalme. Ni ya mtu aliyeadhibiwa kwa maneno yake, akabaki na nyama iliyodharauliwa na muda mwingi wa kukaa karibu na jiko.

Lakini sufuria ya Su Dongpo haikuwa na mbatata, wala isingeweza kuwa nazo. Zao hilo lilianza kulimwa na watu wa milima ya Andes, katika Peru na Bolivia za leo, miaka ipatayo 8,000 iliyopita, na halikuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Su Dongpo alifariki mwaka 1101. Hakuwahi kuonja mbatata, kama vile watu wa Kilwa ya zamani zile hawakuwahi kuonja ugali wa mahindi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba chakula hiki ni mila ya Wachina ya tangu na tangu, muulize mbatata zilitoka wapi.

Lugha huwa hazisahau mambo haya. Sisi tunasema viazi ulaya, na neno mbatata tulilipata kwa Wareno. Wachina nao katika sehemu nyingi za nchi wanaziita yangyu, yaani magimbi ya ng'ambo. Jina tudou lina maana ya maharage ya udongoni. Zilipofika China zilipanda milimani, kwenye baridi na ardhi duni ambako mpunga na ngano vinasumbua. Zikawa chakula cha maskini wa Gansu, Shaanxi na Guizhou. Leo China ndiyo inayolima mbatata nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na mwaka 2015 serikali yake ilitangaza mpango wa kuzifanya chakula kikuu cha nne baada ya mchele, ngano na mahindi.

Nguruwe naye ana cheo chake. Herufi ya Kichina yenye maana ya nyumba au familia ni alama ya paa, na chini ya paa hilo kuna alama ya nguruwe. Ukisema "nyama" tu sokoni bila kutaja mnyama, utapewa ya nguruwe. Basi katika sufuria yetu nyama ndiyo mgeni rasmi, mbatata ni mwenyeji anayejaza sahani. Mbatata hunywa mafuta na mchuzi mpaka zinachukua ladha ya nyama, na nyama ya watu watatu inatosha watu sita. Hiyo ndiyo kazi iliyozileta humo: kuifanya nyama kidogo itoshe.

Na nyama ilikuwa kidogo kweli. Kuanzia mwaka 1955 nafaka mijini ziligawiwa kwa kuponi, na nyama nayo ikawa na kuponi zake. Watu waliokuwa kwenye foleni siku zile waliomba kipande chenye mafuta mengi badala ya mnofu, kwa sababu mafuta ya kupikia yalikuwa adimu. Hadithi za wazee wa China kuhusu miaka hiyo hazikosi bucha, foleni na mtu mmoja mwenye bahati aliyekatiwa kipande cha mafuta.

Halafu ukaja mwaka 1958. Mao alitangaza mpango wake wa Hatua Kubwa Mbele. Vijiji viliunganishwa kuwa komyuni na watu wakaambiwa wale pamoja katika makantini ya umma. Sehemu nyingi kupika nyumbani kulikatazwa kabisa. Sufuria na makarai ya chuma yalikusanywa nyumba kwa nyumba na kutupwa katika matanuri yaliyojengwa uani, ili nchi iipite Uingereza kwa uzalishaji wa chuma cha pua. Kilichotoka katika matanuri mengi kilikuwa chuma kibovu kisichofaa hata jembe. Viongozi wa chini walitoa takwimu za mavuno hewa, serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo, na kantini zikabaki tupu. Njaa ya mwaka 1959 hadi 1961 iliua watu ambao wanahistoria wanawakadiria kati ya milioni 15 na milioni 45. Mkulima ambaye sufuria yake imeyeyushwa hakuwa hata na chombo cha kuchemshia majani ya porini.

Mao mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa nyama ya hong shao, na Hunan, alikozaliwa, mahoteli bado yanaiuza kwa jina lake. Chama kinasimulia kwamba mwaka 1960 aliacha kula nyama ili ashiriki dhiki ya wananchi. Sawa. Lakini mimi najiuliza, wananchi wale walihitaji kiongozi anayefunga, au walihitaji kurudishiwa sufuria zao? Makantini yalivunjwa mwaka 1961, watu wakarudi kupika majumbani.

Sasa njoo kwenye kituko chenyewe. Aprili 1964 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa ziarani Hungaria. Akawaambia watu, kwa maana, kwamba mapinduzi hayana faida kama hayamletei mfanyakazi chakula kizuri mezani, na mfano alioutumia ni goulash, chakula cha taifa la Hungaria. Urafiki wa Beijing na Moscow ulikuwa umeshavunjika. Wafasiri wa Kichina wakatafsiri goulash kuwa "nyama ya ng'ombe iliyopikwa na mbatata", na magazeti ya China yakaanza kuudhihaki "ukomunisti wa mbatata na nyama". Mwaka 1965 Mao aliandika shairi la kejeli lenye ndege wawili wanaobishana, na chakula hicho kimetajwa humo kwa dharau. Lilichapishwa Januari 1976, na Septemba ya mwaka huohuo Mao akafariki.

Hebu fikirieni. Nchi iliyokuwa imetoka kuzika mamilioni waliokufa kwa kukosa chakula ilikuwa inamcheka mtu kwa kusema kwamba chakula ni jambo la maana! Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Itikadi nayo ni mwiko tu mbele ya tumbo tupu. Usiku mmoja wa mwaka 1978, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, walitia alama za vidole kwenye mkataba wa siri wa kugawana mashamba ya komyuni, kila kaya ilime yake. Walijua wanaweza kufungwa. Badala yake utaratibu wao ukawa sera ya taifa zima. Kuponi za chakula zilifutwa mwaka 1993. Khrushchev alishinda ubishi ule akiwa kaburini, na ushindi wake ulipatikana jikoni.

Ndugu zangu wa halali, hapa ndipo penu. Waislamu wa China, wakiwemo Wahui na Wauyghur, hawamgusi nguruwe. Wao mbatata wanazitokosa na ng'ombe au kondoo, na huko Xinjiang kuna sinia kubwa la kuku na mbatata, dapanji, ambalo limeenea nchi nzima. Kwa hiyo chakula alichokidhihaki Mao kipo, kinaliwa, na ni kitamu.

Je, mambo yameisha? Hapana. Leo karibu nusu ya nyama yote ya nguruwe duniani inazalishwa China, na serikali inaweka akiba ya nyama iliyogandishwa kama wengine wanavyoweka akiba ya mafuta. Agosti 2018 homa ya nguruwe ya Afrika ilibainika Shenyang, kaskazini mashariki. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na milipuko ya Kenya. Ngiri wetu wanabeba kirusi chake bila kuugua, kupe wanakisambaza, na nguruwe wa kufugwa wanakufa. Binadamu haumdhuru. Mwaka uliofuata idadi ya nguruwe China ilipungua kwa karibu asilimia 40, bei ya nyama ikapanda zaidi ya maradufu, na Septemba 2019 serikali ikaanza kuuza nyama ya akiba. Nadhani viongozi wa Beijing wanaijua historia niliyowasimulia. Wanajua kwamba mama anayekosa nyama ya kutia kwenye mbatata zake ni habari ya siasa.

Ndiyo maana nasema mila ya chakula hiki si nguruwe wala mbatata. Mila yake ni mtu mwenye kidogo, akiwa nyumbani kwake, akitumia sufuria yake, na akiwa na uhuru wa kuamua atakiongezea nini kidogo hicho kitoshe. Viongozi wanapenda tuwapime kwa madaraja na viwanda. Mimi naona tuwapime pia kwa hilo.

Nanyi niambieni: kwenu, nyama ilipokuwa haitoshi, mama aliongeza nini?