Msongo mdogo, na ule mdogo zaidi

Wavuvi wa dagaa waitwao chisense katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, ufuoni Nchelenge na visiwani kama Chisenga, huvua usiku kwa taa, kwa kuwa dagaa hao hufuata mwanga. Taa ya betri, sawa na paneli ndogo ya sola juu ya paa, hufanya kazi kwa takriban volti 12. Ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, umeme wote, mdogo kwa mkubwa, huitwa kuranti tu. Kwenye leseni za mafundi, hapana: huko umeme hupangwa kwa msongo wake, yaani volti zake.

Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme huita msongo mdogo umeme usiozidi volti 1,000 za mkondo geu, au 1,500 za mkondo mnyoofu. Kwa hiyo volti 230 za soketi, zinazoua mtu, ni msongo mdogo. Usiozidi volti 50 za mkondo geu, au 120 za mkondo mnyoofu, ni msongo mdogo zaidi, na taa ya mvuvi imo humo. Marekani, ambako leseni hutolewa na majimbo, "msongo mdogo" wa leseni aghalabu ni huu wa pili: kamera, ving'ora, nyaya za simu na kompyuta. Mfasiri wa leseni hizo asiyeliona hilo amemkabidhi fundi wa kamera soketi za nyumba nzima.

Nalipenda neno msongo kuliko volteji, maana mafundi wa Tanzania wamekwisha kulizoea katika "msongo mkubwa". Ubaya ni hilo "mdogo", linalosikika kama ahadi ya usalama. Volti zikipungua, ampea hupanda ili kazi ileile ifanyike. Inveta ya wati 1,200 huvuta ampea 100 kwenye betri ya volti 12. Kwenye volti 230 zingetosha 5 na ushei. Waya mwembamba upande wa betri huungua, na nyumba nayo.

Zambia, biashara ya kufunga sola huhitaji leseni ya Bodi ya Udhibiti wa Nishati, na sheria ya mwaka 2010 ya Taasisi ya Wahandisi inasajili hata mafundi wa kawaida, si wahandisi peke yao. Kanuni za sola za Kenya za mwaka 2012 zinapambanua zaidi: daraja T1 ni paneli moja na betri moja, hadi wati 100, mkondo mnyoofu tu. Mteja akitaka inveta ya kuendeshea friji ya samaki, fundi wa T1 hana ruhusa tena. Kazi hiyo ni ya T2, kwa sababu upande wa pili wa kifaa hicho kuna volti 240.