Puto lililoaminiwa kwa miaka 45

Ipo hali inayowatisha sana madaktari wa moyo. Mtu amepata mshtuko wa moyo, na sehemu ya msuli iliyoharibika ni kubwa kiasi kwamba moyo haumudu tena kusukuma damu. Presha inaporomoka, mikono inakuwa ya baridi, mkojo unakatika, fahamu zinavurugika.

Mwaka 1967, Adrian Kantrowitz wa hospitali ya Maimonides, Brooklyn, alianza kuwasaidia wagonjwa hawa kwa puto refu, jembamba, lililopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Moyo ukitulia, puto hujazwa gesi ya heliamu na kuisukumia damu kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe; moyo unapotaka kupiga, puto husinyaa ghafla na kuupunguzia mzigo. Lilienea duniani, miongozo ya tiba ikalipendekeza kwa nguvu, na kwa miongo minne likatumika bila utafiti mkubwa wa kulipima.

Holger Thiele na wenzake huko Ujerumani ndio waliothubutu kulipima. Waliwagawa wagonjwa 600 kwa kura, nusu wapate puto na nusu wasipate. Majibu yalitoka 2012: ndani ya siku 30 walifariki asilimia 39.7 ya waliowekewa na 41.3 ya wasiowekewa. Kitakwimu, hakukuwa na tofauti. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwani si rahisi kukihoji kitu ambacho kila mwenzako anakiamini.

Mwaka 2023 Thiele alitoa pia majibu ya utafiti wa mashine inayotoa damu nje ya mwili na kuitia oksijeni. Nayo haikupunguza vifo, ila ilizidisha kuvuja damu.

Njia nyingine ilianzia Misri. Mwaka 1976 mhandisi na daktari Richard Wampler aliona parafujo ya Archimedes ikipandisha maji, akawaza pampu ya kuzunguka ndani ya moyo. Ilitumika kwa binadamu mwaka 1988. Pampu ya leo iliyoirithi, nyembamba kuliko penseli, ilipimwa Denmark, Ujerumani na Uingereza. Kuwapata wagonjwa 360 kulichukua miaka kumi. Mwaka 2024 ikajulikana kuwa baada ya siku 180 walifariki asilimia 45.8 ya waliowekewa, dhidi ya 58.5 ya wasiowekewa. Madhara nayo yaliongezeka: kuvuja damu, miguu kukosa damu, figo kuhitaji mashine.

Waliobaki bila fahamu baada ya moyo kusimama nje ya hospitali hawakuingizwa katika utafiti huo. Daktari anayewawekea pampu hiyo hana ushahidi huo wa kusimamia.