Barua Zilizotangulia Uhuru



Kila mwaka, sikukuu ya 30 Juni, watoto wetu huonyeshwa hotuba ya Patrice Lumumba ya mwaka 1960. Ni hotuba ya kusikilizwa, na hatutaki iondolewe kwenye ratiba. Lakini tumeona inawaachia watoto wazo moja: kwamba siku ile mtu mmoja alisimama mbele ya Mfalme Baudouin, na ukweli kuhusu Kongo ukasemwa kwa mara ya kwanza. Haikuwa hivyo. Miaka 70 kabla ya hapo ukweli ule ulikuwa umekwisha kuandikwa, ukatiwa saini na kutumwa kwa mfalme mwenyewe. Na baadhi ya walioandika wameacha alama zao katika miji hii hii tunamoishi, ingawa wengi wetu tunapita mbele yake tukiwahi zamu bila kujua.

Tuanze na Columbus. Mwaka 1880 aliingia katika bunge la Ohio mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa humo, George Washington Williams, mwakilishi kutoka Cincinnati. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849, akapigana vita vya kukomesha utumwa akiwa bado kijana mdogo, akawa mchungaji, kisha mwanasheria, kisha mwandishi wa historia. Ndani ya jengo la bunge pale Columbus kuna chumba kilichopewa jina lake. Mwaka 1889 alionana na Mfalme Leopold II huko Brussels, na mfalme alimvutia sana kwa maneno yake matamu juu ya kuwastaarabisha watu wa Kongo. Williams alikuwa na ndoto ya kupeleka Wamarekani weusi wakafanye kazi kule. Mwaka uliofuata akaenda kujionea.

Alipanda mto Kongo mpaka Stanley Falls, yaani Kisangani yetu ya leo. Wakati ule Kiswahili kilikuwa kimeshafika pale pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Leopold mwenyewe alikuwa amemfanya Tippu Tip kuwa wali wa mahali hapo mwaka 1887. Hapo Stanley Falls, tarehe 18 Julai 1890, Williams aliweka tarehe kwenye barua yake ya wazi kwa mfalme.

Tungependa kila kijana wetu wa shule ya sekondari aisome. Inaanza kwa heshima zote anazostahili mfalme, halafu inaeleza jinsi machifu wetu walivyodanganywa watoe ardhi. Mzungu alificha waya wa betri ndani ya mkono wa koti, akimpa chifu mkono chifu anatetemeka, kisha anaambiwa kwamba huo ndio uwezo wa mzungu. Mwingine aliwasha sigara kwa kioo cha kukuza, akasema jua ni rafiki yake. Vijiji vizima vilitiwa saini kwa masanduku machache ya pombe kali. Baada ya hayo Williams anapanga mashtaka 12, moja baada ya jingine, kama mtu aliye mahakamani.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi husimama zaidi mahali anapozungumzia wagonjwa. Anasema hakuona hospitali kwa ajili ya Waafrika waliotumikia dola ile. Aliona vibanda vitatu tu, ambavyo kwa maoni yake hata farasi asingestahili kulazwa humo. Ametaja idadi. Angeweza kuandika kwamba matibabu ni mabaya, na mfalme angejibu kwamba mambo yanatengenezwa. Kwenye wodi tulifundishwa kwamba dawa isiyoandikwa kwenye faili ni dawa ambayo haikutolewa. Williams, ambaye hakuwa muuguzi, alifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Mwaka uleule aliandika pia kwa Rais wa Marekani, kwa sababu Marekani ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua bendera ya Leopold, mwaka 1884. Na katika barua nyingine kwa waziri wa mambo ya nje alitumia maneno ambayo leo yanatumiwa katika mahakama za kimataifa: jinai dhidi ya ubinadamu.

Majibu? Magazeti yaliyomuunga mkono mfalme yaliacha mashtaka yote 12 pembeni, yakaanza kuuliza kama kweli mtu huyu ni kanali kama alivyojiita. Wanaopeleka malalamiko mahali popote duniani wanaijua njia hiyo: unasema mtu anakufa, unaulizwa kitambulisho. Williams aliugua, akafa Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, hajafikisha miaka 42. Ilionekana barua imekufa naye.

Sasa twende Louisville. Wenzetu wanaokaa karibu na Smoketown wanaijua mitaa ya Sheppard Square. Jina hilo ni la William Henry Sheppard, mmisionari mweusi kutoka Virginia aliyefika Kongo mwaka 1890, mwaka uleule wa barua ya Williams. Aliishi Kasai karibu miaka 20, akajifunza lugha ya watu, akafika mpaka kwenye jumba la mfalme wa Wakuba. Mwaka 1899 alitumwa na misheni yake kuchunguza habari za mauaji. Akafika kwenye kambi ya askari wa Zappo Zap, waliokuwa wakikusanya kodi kwa niaba ya dola. Wakamwonyesha mikono ya watu iliyokatwa, imetandazwa juu ya moto ili isioze kabla ya kupelekwa kwa mzungu. Sheppard aliihesabu. Ilikuwa 81.

Hebu fikirini moyo unaohitajika kusimama mahali pale na kuhesabu mpaka mwisho. Ripoti yake ilisambaa Ulaya na Marekani, na ile namba 81 ndiyo iliyoshindikana kufutwa. Mwaka 1908 akaandika tena katika gazeti dogo la misheni, Kasai Herald, jinsi Wakuba walivyoacha mashamba yao na nyumba zao kwa kulazimishwa kutafuta mpira. Kampuni ya Kasai ikamshtaki kwa kuichafulia jina. Kesi ilisikilizwa Léopoldville mwaka 1909. Mwanasiasa wa Ubelgiji, Émile Vandervelde, alisafiri mpaka kule kumtetea bila malipo, na Sheppard akashinda. Alirudi Marekani, na kuanzia mwaka 1912 akawa mchungaji Louisville hadi alipopigwa na kiharusi. Alifariki mwaka 1927. Mtu aliyehesabu mikono ya wazee wetu amezeeka na kufa katika mji ambao leo watoto wetu wanapanda basi la shule.

Buffalo hatutakaa sana, maana uhusiano wake ni mwembamba zaidi. Mark Twain alikuwa mhariri wa gazeti la Buffalo Express kuanzia 1869 hadi 1871, muda mrefu kabla hajafikiria Kongo. Mwaka 1905, akiwa mzee maarufu, alitoa kijitabu kinachomdhihaki Leopold, na mapato yake yakaenda kwa chama kilichotetea watu wa Kongo. Ndani yake zilichapishwa picha, na picha hizo zilifanya kazi kuliko dhihaka zake. Picha inayojulikana zaidi kati ya zote za wakati ule ilipigwa mwaka 1904 na Alice Harris, mke wa mmisionari: Nsala wa Wala amekaa kibarazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali. Nsala hakujua kuandika. Alifungasha ushahidi katika majani na kuupeleka misheni kwa miguu.

Tunamtaja Nsala kwa makusudi, kwa sababu habari za Williams na Sheppard zikisimuliwa peke yake zinaweza kuonekana kama wageni ndio waliotusemea. Mwaka 1904 kelele zilipozidi, Leopold alilazimika kuunda Tume ya Uchunguzi yenye majaji watatu. Nadhani alitegemea watafunika mambo. Walipokuwa wakisikiliza watu, akaja Chifu Lontulu wa Bolima. Akaweka mezani vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu wa kwake aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Alivigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake na watoto. Kisha akaokota kijiti kimoja kimoja na kutaja jina la marehemu wake.

Kwa maoni yetu hiyo ndiyo barua kuu kuliko zote tulizotaja. Haina karatasi, na hakuna afisa angeweza kusema haielewi.

Ripoti ya Tume ilitoka mwisho wa mwaka 1905, na ilisema mengi ambayo mfalme hakuyapenda. Mwaka 1908 alilazimika kuiachia dola yake ikawa koloni la Ubelgiji, na sote tunajua kwamba kiboko hakikuishia hapo. Lakini ushahidi wenyewe, maneno ya Lontulu na ya wenzake, haukuchapishwa. Uliwekwa Brussels katika hifadhi ya nyaraka, ukafungiwa mpaka miaka ya 1980. Wajukuu wa Lontulu walipata uhuru, wakaona vita, wakazaa watoto, na majina yale 110 yakawa bado kabatini.

Tukiruka mpaka miaka ya 1950, tunarudi palepale Williams alipoandikia barua yake. Stanleyville, karani kijana wa posta anapanga barua za watu, na jioni anaandika zake: kwa magazeti, kwa vyama, kwa watawala. Ni Lumumba. Aliomba kadi ya wale walioitwa waliostaarabika, akakataliwa, akakata rufaa, akaipata mwaka 1954. Mwaka 1956 kikundi cha Joseph Iléo kikatoa manifesto katika gazeti la Conscience Africaine, kikiomba uhuru kwa hatua. ABAKO wakajibu kwamba hawana haja ya kungoja. Miaka minne baadaye ikaja hotuba mnayoijua.

Na jibu la barua ya 1890 lilifika. Tarehe 30 Juni 2020, Kongo ilipotimiza miaka 60, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais Tshisekedi kueleza majuto yake makubwa kwa mateso na udhalilishaji wa wakati ule. Majuto, msamaha hakuomba. Barua kwa barua, miaka 130.

Sasa tuseme linalotuhusu nyumbani. Wengi wetu tumesimulia habari zetu mara nyingi mbele ya maofisa wa usaili, Nyarugusu, Nakivale, Kakuma. Tulitaja Makobola, Kasika, Gatumba, na vijiji ambavyo havina jina kwenye ramani. Tulitaja waliokufa, tarehe, na nani aliona. Afisa aliandika kwa Kiingereza, faili likafungwa, tukapanda ndege. Watoto wetu hawajalisoma faili lile, na wengine hawajui hata kwamba lipo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010 iliorodhesha matukio makubwa 617 kati ya 1993 na 2003, lakini kurasa zake hazina majina ya shangazi zetu. Majina hayo wanayo wazee, na kila mwaka tunazika baadhi yao huku ugenini.

Kwa hiyo mwaka huu, katika sherehe za miji yote mitatu, kutakuwa na meza pembeni ya chakula, yenye daftari na vijana wawili wa kuandika. Mzee anaweza kusema kwa Kiswahili, Kifaransa, au lugha ya kwao. Tutatafuta mkalimani kutoka ukoo wake. Yataandikwa jina la marehemu, kijiji, mwaka kadiri anavyoukumbuka, na jina la anayesimulia. Makabila yote yaje, hata yale ambayo kule nyumbani hayakukaa meza moja. Hatutaulizana nani aanze. Nakala itabaki kwa familia. Asiyetaka jina lake mwenyewe liandikwe aseme tu, nasi tutaliacha.