Norman Macleod, mchungaji aliyeweka riwaya kando ya mahubiri

Katika nyumba nyingi za wacha Mungu wa Uskoti, miaka ya katikati ya karne ya 19, riwaya haikuguswa siku ya Jumapili. Kwa hiyo Norman Macleod alipokubali mwaka 1860 kuhariri jarida jipya la Good Words, lililoanzishwa na mchapishaji Alexander Strahan, alijua anaingia penye miiba. Humo mahubiri, sayansi, mashairi na hadithi vilikaa pamoja, na mchoraji John Everett Millais alilichorea mifano ya Yesu. Katika miaka michache tu, nakala zilizouzwa zilipita 100,000.

Macleod alizaliwa Campbeltown mwaka 1812, mtoto wa mchungaji. Kanisa la Uskoti lilipogawanyika mwaka 1843 na mamia ya wachungaji wakatoka, yeye alibaki. Tangu mwaka 1851 alihudumu Barony, Glasgow, kati ya wafanyakazi wa viwandani. Huko alianzisha ibada za jioni kwa ajili ya watu waliokwepa kanisa kwa aibu ya kukosa nguo nzuri; walikaribishwa na nguo zao za kazi. Mtu huyo huyo alikuwa kasisi wa Malkia Victoria, akamfariji baada ya kifo cha mumewe, Albert.

Mwaka 1863 gazeti la Record la London lilimshambulia kwa kuchanganya dini na hadithi za dunia. Macleod alilitetea jarida lake, lakini riwaya ya Anthony Trollope, Rachel Ray, aliyokuwa amemwagiza mwenyewe, aliirudisha. Trollope alikuwa amewachora vibaya wachungaji wenye msimamo mkali. Hapo naona Macleod alirudi nyuma, maana wasomaji wake walistahili kuaminiwa.

Miaka miwili baadaye hakurudi nyuma. Treni za Jumapili zilikuwa zimezua ugomvi, na wachungaji wa Glasgow walitaka waumini waonywe kwa msingi wa amri ya Sabato. Novemba 1865 alisimama katika baraza lao, akahutubia kwa saa nyingi: Mkristo hafungwi na Sabato ya Musa, Jumapili ni siku ya Bwana, ya ibada na mapumziko, na heshima yake inatoka kwa Kristo aliyefufuka. Hakuwa anadharau siku hiyo hata kidogo, ila wengi walisikia hivyo. Magazeti yalimrarua, wachungaji wenzake wakamkwepa njiani, na kukawa na fununu kwamba atavuliwa uchungaji.

Hakuvuliwa. Alitumwa India kukagua kazi za misheni, na mwaka 1869 kanisa lile lile likamchagua kuongoza Mkutano Mkuu wake. Safari ya India ilikuwa imemdhoofisha sana; alifariki Juni 1872, akiwa na miaka 60. Ndugu yake Donald, naye mchungaji, alishika uhariri wa Good Words kwa zaidi ya miaka 30, na riwaya ziliendelea kutoka humo kando ya mahubiri.