Mto wa Uzima na Maji ya Meru

Leo naweka siasa pembeni, tuongelee mto. Siyo Themi wala Naura. Naongelea ule wa Ufunuo sura ya 22, unaotoka kwenye kiti cha enzi cha Mungu. Wengi wetu tumeuzoea msibani. Mchungaji anausoma, kwaya inaimba, tunafuta machozi, halafu tunarudi nyumbani tukiamini kwamba mto ule ni wa marehemu. Sisi tuliobaki tunaendelea na ndoo zetu.

Mimi siku hizi nausoma tofauti, na kilichonibadilisha ni historia ya mlima huu huu wa kwetu.

Kwanza tuangalie ni nani waliouona mto huo. Yohana anasema alikuwa kisiwani Patmo, mbali na makanisa yake, kwa sababu ya imani. Kabla yake Ezekieli, katika sura ya 47, alikwisha kuona maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu. Na Ezekieli alikuwa mateka Babeli, hekalu lenyewe likiwa limebomolewa na nchi yake imechukuliwa. Kwa hiyo picha ya mto haikutoka kwa watu walioshiba. Ilitoka kwa watu waliofukuzwa kwao.

Sasa njoo Meru. Injili haikuingia hapa kwa amani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri na wapiganaji wa Wameru na Waarusha. Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani alilipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatekwa, watu wengi wakauawa. Wamisionari walirudi mwaka 1902 na kujenga Nkoaranga, kisha 1904 wakaanza Ilboru. Walioitwa wabatizwe walikuwa na kila sababu ya kuyaogopa maji ya mgeni, lakini taratibu wakaja. Leo ukipanda Jumapili kuelekea Nkoaranga utakuta kanisa limejaa.

Miaka ikapita, na mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 wakafukuzwa Ngarenanyuki na serikali ya kikoloni ili mashamba namba 31 na 328 wapewe wafugaji wa Kizungu. Waliambiwa wahamie Kingori, chini kwenye joto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea, miaka mitatu kabla Nyerere hajasimama huko. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Hawa ni watu ambao Ezekieli angekaa nao kibarazani wakaelewana bila mkalimani.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Arusha halihitaji kuelezwa sana, nalo ni maji yenyewe. Meru ni volkano, na miamba yake inaachia floraidi kwenye chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai vyanzo vingi vinazidi hapo mara kadhaa. Ukifika Dar na meno yako ya kahawia, mtu anajua umetoka wapi kabla hujajitambulisha. Hayo ni meno tu. Kuna watoto waliopata matege ya kudumu kwa sababu ya maji ya kunywa. Na ukiyachemsha hayasaidiki, floraidi inabaki pale pale.

Kwa hiyo usimwambie mama wa Ngarenanyuki kwamba maji safi ya uzima ni mfano tu. Yeye anajua maji yanaweza kuwa maangavu kwenye bilauri na bado yakamdhuru mwanae.

Turudi kwa Ezekieli, maana hapa ndipo penye uzito. Maji yake hayabaki hekaluni. Yanatoka kidogo kidogo, yanafika kwenye vifundo, magotini, kiunoni, mpaka hakuna awezaye kuvuka. Na yanaelekea wapi? Chini, kwenye bahari ya chumvi isiyo na kitu hai, na yakifika huko samaki wanapatikana. Mto wa Mungu unakwenda kwenye maji mabaya.

Pale Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti, wataalamu wamefanyia kazi njia ya kupunguza floraidi kwa kuchuja maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kitabu kile kile cha Ezekieli chenye mto ndicho chenye bonde la mifupa mikavu!

Kazi ya habari inakausha roho, wadau. Unaandika njaa leo, kesho ajali, keshokutwa fitina, mpaka unaona hata sala ni maneno ya kujaza nafasi. Kilichonirudisha siyo ahadi ya mto wa baada ya kaburi, ingawa naiamini. Ni kugundua kwamba mto unashuka. Anayetaka kunywa humo afuate unakoelekea, kule ambako maji ni machungu na watu wamesahauliwa. Kwangu mimi kufanywa upya kumeanzia hapo, na bado niko kwenye vifundo tu.

Tafakari. Jumapili njema.